Rangi Katika Mfuo

Mpwa wangu, aliyekuja kutoka Mombasa kututazama hapa Siyu, katika visiwa vya Lamu, wakati wa likizo, alifungua mkoba wake akatoa kisanduku cha karatasi ngumu, na ndani ya kisanduku akatoa sanamu la roboti la plastiki, lenye mwili mweupe, kifua cha buluu na miguu myekundu, akalisimamisha juu ya baraza. Alilizungusha huku na huku, kisha akaniuliza kwa masikitiko ya kweli: "Mjomba, nimeliunga kama kitabu kilivyoagiza, wala hakuna kipande kilichobaki; mbona bado laonekana kitu cha kuchezea, ilhali yale niyaonayo pichani ni majitu ya chuma?" Suala lake lilikuwa suala la ufundi, nalo lilistahili jawabu la ufundi, na maadamu jawabu lenyewe lilikuwa limechongwa katika mlango uliokuwa nyuma ya mgongo wake, hatua tatu tu kutoka alipoketi, nimeona ni wajibu niliandike, huenda likawafaa na wengine wenye shauku hiyo.

Asili ya masanamu haya ni Japani. Tarehe 7 Aprili 1979 ilianza kuonyeshwa huko katika televisheni hadithi ya katuni iitwayo Mobile Suit Gundam, ambayo kwa uchache wa watazamaji ilikatishwa mapema, mwezi wa Januari 1980; lakini kampuni ya Bandai ilipotoa mwezi wa Julai mwaka huohuo sanamu la kuunga kwa mkono, kwa bei ya yeni 300, lilipokewa kwa shangwe ambayo hadithi yenyewe haikuipata mwanzoni. Roboti wa hadithi ana kimo cha mita 18, na sanamu lake la kwanza lilipunguzwa mara 144, yaani inchi moja ya sanamu kwa futi 12 za roboti, likawa na kimo cha sentimita 12 na nusu. Vipande vyake hutengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu katika kalibu za chuma, ikapoa, ikatoka ikiwa kiunzi chembamba kilichoshikilia vipande vyote kama mti ushikiliavyo matunda. Na kwa kuwa siku hizi vipande hutoka vikiwa na rangi zao, tena hukazana vyenyewe bila ya gundi, mtoto aliyejifunza kusoma michoro aweza kuliunga sanamu zima kwa siku moja, likasimama, likainua mkono, likakunja goti.

Ukataji una adabu yake, ingawa si mgumu. Kipande hukatwa mara mbili: kwanza mbali na mwili wake, ili koleo lisiivute plastiki ikachanika na kuacha doa jeupe, kisha karibu, na kisiki kilichosalia huondolewa kwa tupa na msasa, kuanzia msasa mkali hadi ulio laini kabisa. Na nimependa sana kumweleza kijana kwamba hii karatasi aliyoinunua dukani imerithi jina la mti, kwani msasa ni mti ambao majani yake yakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani waliyatumia hayo kulainishia kazi zao kabla ya karatasi hii kufika pwani.

Alinijibu kwamba plastiki si mti, na fundi wa mbao hana la kumfundisha mtu wa plastiki. Nilimkumbusha jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda na kushushwa majini mwaka 2018, ambalo mbao zake na mataruma yake yote ni plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, nalo mwanzoni mwa mwaka 2019 lilitweka tanga likafika Unguja. Waliolijenga ni mafundi waliojifunza kazi kwenye miti, na maarifa yao hawakuyaacha nje ya karakana. Kijana akanyamaza, nami nikapata wasaa wa kufika kwenye kiini cha jambo.

Mtu aweza kukipunguza chombo mara 144, lakini hawezi kulipunguza jua. Hii ndiyo siri yote ya masanamu madogo, na asiyeijua atapaka rangi maisha yake yote asipate akitakacho. Chukua mfano wa roboti mwenyewe, kama angekuwako, aliyeungwa kwa mabamba ya chuma: katika maungio ya mabamba hayo, tuseme, pana mfuo wenye kina cha sentimita 3, na ndani ya mfuo huo kivuli kingelala kizito, cheusi, hata mtu aliye mbali angeuona mstari na kutambua kwamba pale bamba moja laishia na jingine laanza. Punguza mfuo huo mara 144, utapata kina cha milimita 0.2, nuru ya dirisha lako itauingia bila ya kizuizi, itarukaruka baina ya kuta zake nyeupe, na fauka ya hayo itapenya kidogo katika plastiki yenyewe, ambayo ikiwa nyembamba haizuii mwanga sawasawa bali hung'aa kwa ndani kama nta. Kivuli kitatoweka, na pamoja nacho utatoweka uzito. Kwa hiyo kivuli ambacho maumbile yamekataa kukitia, sharti mkono wa fundi ukitie.

Nilimgeuza akautazama mlango. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na wa mafundi, mji ambao katika karne ya 18 na ya 19 misahafu iliandikwa kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na sifa ya waseremala wake, washonaji wake wa viatu na wachongaji wake ilienea visiwani kote. Mlango wa mtindo wa Siyu hauchongwi kwa maua yaliyotuna kama mingi ya Unguja. Nakshi yake huchimbwa kwa ncha ya patasi, mifuo myembamba ya duara na pembe, na ndani ya mifuo hiyo hutiwa rangi, nyekundu na nyeusi, pengine na nyeupe. Mimi nimeishi na milango hii tangu utotoni, na itikadi yangu ni kwamba rangi ile haikutiwa kwa pambo peke yake. Mlango husimama ndani ya daka, mahali penye uvuli, na nakshi isiyo na kina kirefu ingepotea macho pasipo jua la kuipiga ubavuni. Aliyeuchonga aliona kwamba nuru haitamsaidia, akajitilia kivuli chake mwenyewe. Wapenda roboti hufanya jambo lilelile kwa wino mwepesi, nao wadhani limezaliwa Japani.

Namna ya kulifanya ni hii. Wino ni rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa thina hata ikawa majimaji kama chai, na ncha ya brashi nyembamba ikigusa mfuo mahali pamoja tu, wino hukimbia wenyewe mfuo mzima, kama mafuta yapandavyo utambi wa taa, kwa kani ileile. Uliomwagika nje hufutwa kwa pamba yenye thina kidogo. Sharti rangi ya chini iwe ya jinsi nyingine, ambayo thina hii haiiyeyushi, na iwe na mng'aro, kwa sababu juu ya uso usiong'aa wino hutambaa ovyo na kuacha madoa. Rangi za mistari pia zataka fikra: nyeusi juu ya nyeupe huwa kali mno, kijivu chatosha; juu ya nyekundu, kahawia huonekana kivuli zaidi kuliko nyeusi.

Hapa sina budi kukiri kosa langu, maana niliwahi kuharibu sanamu la mtu mwingine. Plastiki ya viungo mara nyingi si ile ya mwili, bali ni aina iitwayo ABS, ngumu zaidi lakini adui wa thina; nami, kwa haraka, nilitia wino katika goti ambalo lilikuwa limekazwa na kipini chake, nikaliacha likauke, na asubuhi yake nilipolikunja likapasuka mikononi mwangu kama biskuti. Tangu siku ile, kiungo nakichomoa kwanza, nakipaka rangi ya kukikinga, na wino nautia kwa tone dogo kabisa. Na thina yataka dirisha wazi, kwani mvuke wake hudhuru kifua na kichwa.

Baada ya mistari ni kuua mng'aro. Kitu kidogo king'aacho hujifichua udogo wake papo hapo, kwa kuwa kimulimuli kimoja cha dirisha chaweza kufunika kifua kizima cha sanamu, jambo ambalo lisingemfika jitu la mita 18. Hivyo hupuliziwa vanishi isiyong'aa, ambayo uso wake ni wa chembechembe na huitawanya nuru pande zote. Halikadhalika rangi zenyewe hupunguzwa ukali kwa kuchanganywa na nyeupe kidogo, kwa sababu kulitazama sanamu hili kwa umbali wa sentimita 30 ni sawa na kumtazama roboti kwa umbali wa mita 43, na rangi ionwayo kwa mbali haionekani kali kama ya karibu. Lakini katika visiwa vyetu vanishi ina fitina yake. Thina ikivukiza upesi huupoza uso, na unyevu wa hewa ukatua juu ya rangi mbichi, nayo ikafanya ukungu mweupe. Wakati wa kusi, mvua zinapokaza, mimi sipulizi kitu. Nangoja kaskazi, nikachagua saa ambayo umande umekwisha na upepo haujaanza kuleta mchanga.

Na tukisema juu ya masanamu madogo, yatupasa tukumbuke kwamba visiwa hivi vilikuwa na chombo ambacho leo twakijua kwa sanamu lake dogo. Mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari, lenye tanga la mkeka na omo iliyoinuka kama shingo ya ngamia, ambayo watu huinasibisha na ngamia wa Mtume, lilibeba boriti kutoka Lamu hadi Mombasa na Unguja, kisha likatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mtafiti James Hornell aliandika juu yake mwaka 1941, na katika Makumbusho ya Lamu mtepe mdogo bado upo kwa mwenye kutaka kuutazama. Hali ya roboti ni kinyume: sanamu lake lilitangulia, na jitu la mita 18 lenye kutembeza viungo vyake lilisimamishwa Yokohama mwaka 2020 tu. Lakini mizani ya kupimia kazi ni moja. Nionapo mtepe mdogo wowote hutazama kamba kabla ya yote, maana ikiwa chombo kimepunguzwa mara 20, kamba ya milimita 8 yapasa iwe uzi usiofika nusu milimita, na fundi aliyeshona kwa uzi mnene ametujengea chombo ambacho mabaharia wake wangekuwa na vidole vya majitu. Kisha hutazama macho yaliyopakwa omoni, kama mkono ulitetemeka.

Kijana alikaa barazani siku mbili. Nilimpa kijivu na kahawia, nikamwonyesha mkono mmoja wa sanamu, na uliobaki akaufanya mwenyewe, na kila mfuo ulipojaa alikuwa akigeuka kuutazama mlango. Alfajiri ya siku ya tatu, maji yalipojaa katika mkondo wa mikoko na mashua ikawa yangoja, alilifunga sanamu lake katika kitambaa. Nikaona mguu wa kushoto haukutiwa mstari hata mmoja. Nikamwuliza kama wino ulikwisha. "La, mjomba," akaniambia, "nimeuacha makusudi, ili wenzangu Mombasa waione miguu yote miwili kwa pamoja."