Je, Wajua? Fizi Huugua Ndani ya Wiki Chache Tu

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti wa watu 12 wenye fizi nzima walioacha kupiga mswaki kwa makusudi. Bakteria walijijenga kwenye meno yao wakawa ukoga, na ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia mswaki, zilipona kwa takriban wiki moja.

Kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya ugonjwa wa fizi. Sigara pia, tena kwa hila: mvutaji huweza kuugua fizi bila kuona damu, dalili ambayo ingemshtua mapema. Wewe ukiiona, usiache mswaki. Sugua taratibu, kisha umwone daktari wa meno.