Gari dogo la kwanza: tazama mwaka kabla ya injini

Simama asubuhi kwenye foleni ya Kimara au Mbagala uhesabu magari. Vitz, IST, Passo, Demio, kisha IST tena. Hayo ndiyo magari ya mwalimu, nesi, mwenye duka la vipodozi na kijana wa teksi ya mtandao, na karibu yote yameshatembea Japani kabla ya kupakiwa melini kuja Dar es Salaam. Kila anayeagiza huanza na swali lilelile: nichukue cc 1,000, 1,300 au 1,500? Ni swali zuri, ila likitangulia linaweza kumgharimu mnunuzi mamilioni, kwa sababu kodi kubwa haiko kwenye injini, iko kwenye umri.

Tufanye hesabu. Gari limethaminiwa Sh10 milioni, usafiri na bima hadi bandarini vikiwa ndani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Injini isiyozidi cc 1,000 haina ushuru wa bidhaa. Ya kuanzia 1,001 hadi 2,000 hulipa asilimia 5. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililovuka miaka 10. Mwisho, VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya vyote hivyo. Gari la cc 1,300 lililozidi miaka 10 litadaiwa karibu Sh9.9 milioni, yaani unalinunua mara ya pili. Lingekuwa la cc 996, ungeokoa kama Sh740,000. Lakini hilohilo la cc 1,300, likiwa na thamani ileile na halijafika miaka 8, kodi yake ni karibu Sh5.5 milioni. Tozo ndogondogo sijaziweka.

Bila shaka gari changa huuzwa bei ya juu zaidi Japani, na mwenye akiba ndogo hana uhuru wote wa kuchagua. Ndiyo maana inafaa kupiga hesabu ya jumla, bei na kodi pamoja, kabla ya kuvutiwa na bei ya kwenye picha. Na Mamlaka ya Mapato (TRA) hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, hivyo ankara yenye bei ya kutupa haikusaidii kitu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kwa Tanzania, cc 1,300 na cc 1,500 ziko kapu moja la kodi. Anayekimbilia 1,300 akidhani amekwepa ushuru hajakwepa chochote. Kenya mpaka umewekwa kwenye cc 1,500, na gari lililopita miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo ushauri wa ndugu yako wa Nairobi usiubebe mzimamzima.

Sasa injini yenyewe. Vitz na Passo za cc 996 hutumia injini ya silinda 3. Kwa mtu anayetoka Tegeta kwenda Posta, peke yake au na mwenzake, sioni sababu ya kutafuta kubwa zaidi. Ila pakia watu wanne na magunia mawili ya mpunga, washa AC, upande mlima wa Kitonga: utakanyaga mafuta hadi mwisho na lori litakupumulia nyuma. Anayekwenda mkoani na familia mara kwa mara achukue 1,300 au 1,500, na hatajuta.

IST ndiyo inayonifanya nisite. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2016, kwa hiyo kila inayoshuka bandarini leo inalipa uchakavu. Bado watu wanaing'ang'ania, na wana hoja. Injini yake ya cc 1,500, 1NZ, imo pia kwenye Probox, Raum, Allion na Premio, hivyo hukosi spea Ilala wala Kariakoo, na fundi wa chini ya mwembe anaifahamu. Ukitaka kuiuza, mnunuzi hachelewi. Toleo la kwanza, la 2002 hadi 2007, lina giaboksi ya gia 4 isiyo na makuu. La pili, kwa cc 1,500, aghalabu lina CVT, giaboksi isiyo na gia za kuhesabu, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanamimina oili ya kawaida ya otomatiki mahali panapotaka oili ya CVT, gari linaanza kuvuta kwa kusitasita, na mwisho mwenye gari anatafuta giaboksi nyingine.

Kuhusu madaraja ya vifaa, usilipie herufi. F, U, Jewela na RS za Vitz ziliwekwa kwa ajili ya mnunuzi wa Kijapani. Redio ya Japani haipandi hadi 108 kwenye FM, kwa hiyo stesheni zako nyingi hutazipata bila kuongeza kifaa. Ramani inaonyesha Japani, na sauti ya dada inayoongea Kijapani kila ukiwasha gari inazungumzia kadi ya kulipia barabara za huko. Cha kutafuta ni usalama. Kuanzia Oktoba 2014, magari mapya ya abiria yanayouzwa Japani, ukiacha yale madogo kabisa ya daraja la kei, yalilazimika kuwa na mfumo wa kuzuia gari kuserereka, hata ya daraja la chini kabisa. Mwaka, tena, unakupa zaidi ya rimu za kung'aa.

Kabla hujatuma hela, ingiza gari hilo kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, na mdai muuzaji karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari. Ikiwa na alama R, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Akikataa kukuonyesha, achana naye. Wauzaji ni wengi.