Korosho ya Leso na Kalamu ya Kompyuta

Mtu akitoka Kisii mjini na kushika barabara ya Kisumu, hafiki mbali kabla ya kuingia Nyakoe. Ni soko la kando ya njia, lenye ndizi, makelele ya utingo na vibanda vya kila kazi. Katika kibanda kimoja yumo kijana wa Kikisii ambaye riziki yake ni kuchora mabango na kadi kwa kompyuta. Hapo ndipo jamaa yetu mmoja, mtu wa Mombasa aliyehamia Kisii kwa biashara, alipopeleka kazi ya kadi za harusi ya bintiye.

Mama wa biharusi alitaka mambo mawili tu: pindo la korosho kama la leso, na katikati jina la bintiye kwa herufi za Kiarabu. Kijana akaipiga picha leso, akaipiga picha karatasi aliyoandika shehe, kisha akaiamuru kompyuta ifuatishe yenyewe.

Kadi ya kwanza ilipotoka, mama aliitazama kwa muda, akauliza: "Mwanangu, korosho hii imegugunwa na panya?"

Na kweli, ukingo ulikuwa na meno. Herufi nun ndiyo iliyoumia zaidi. Kila aliyekaa chuoni anaijua nun: bakuli moja lililotulia na nukta yake juu. Hii ilikuwa na viwiko. Mama akasema kadi hizo haziendi kwa watu, maana jina la mtu ni heshima yake.

"Pole mama," kijana akajibu, "nipe mpaka kesho."

Akaikuza ile korosho kwenye kioo, tukaona kilichoiharibu. Mstari wake ulijaa vinukta kama siafu njiani. Hapo ndipo penye siri ya kazi hii, ndugu msomaji. Mchoro wa namna hii, uitwao vekta, hauwekwi kwa chembe za rangi kama picha ya kamera. Huwekwa kwa hesabu. Ndiyo maana waweza kuchapwa kwenye kadi au ukutani pa ghorofa usipoteze ukali wake. Kila kipande cha mstari kina nukta mbili za mwisho, na kutoka kila nukta hutokeza mkono usioonekana katika chapa. Mkono huo huuvuta mstari: upande ulioelekea ndiko mstari uendako, na ukiurefusha, tao hutanuka. Nukta ikiwa na mikono miwili iliyonyooka sambamba kama mti wa mizani, mstari hupita hapo bila kuvunjika. Mikono ikipishana, hapo pana kona.

Basi nukta zikizidi, kila moja huvuta kwake, na mstari hutetemeka. Duara zima lachorwa kwa nukta nne tu.

Hesabu hii ilizaliwa katika viwanda vya magari Ufaransa. Mwaka 1959 Paul de Casteljau wa Citroën alipata njia ya kuchora matao hayo, lakini kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault alifika hapo hapo kwa njia yake katika miaka ya 1960, akaichapisha, na matao yakabeba jina lake. Mwaka 1987 programu ya Illustrator ya kampuni ya Adobe ikayatia mikononi mwa wachoraji, na tangu 2003 iko Inkscape, isiyolipiwa.

Lakini sisi wa pwani tusistaajabu kama wageni. Miaka elfu moja na zaidi kabla ya hao, Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliiwekea khati kipimo kwa nukta: alama ya mraba uliolala upande, itokayo kalamu ya mwanzi ikikanyagwa mara moja. Urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta hizo, na duara ambalo alifu ni kipenyo chake huongoza matumbo ya herufi nyingine. Nukta za mwandishi hupima na za kompyuta huvuta. Lakini wote wawili huanza kwa kuamua tao ligeukie wapi.

Kesho yake kijana alifuta yote, akashika kalamu ya programu mwenyewe. Aliweka nukta pale tu mstari unapogeuka: juu kabisa, chini kabisa, kwenye tumbo na kwenye mgongo, na moja ya kona kwenye ncha. Nukta tano, korosho ikakaa. Tulimwuliza kwa nini hakuisugua ile ya kwanza, kama wachongaji wa Tabaka wasuguavyo jiwe la sabuni kwa msasa na maji. Akasema amri ya kulainisha ipo, ila haichagui. Huondoa meno, na ncha ya korosho nayo ikabutuka.

Kwenye nun alikwama. Hakusoma chuo, na jicho lake halikujua bakuli hilo liinuke kiasi gani. Ikabidi shehe aitwe, akae kwenye kigoda kando yake, na kunyoosha kidole: "Hapa teremka kidogo. Hapa usikaze." Walipomaliza, jina lilisomeka kama lilivyoandikwa kwenye karatasi, na mama akazipokea kadi.

Wako pwani wazee wanaojua tao la khati, la mlango wa Lamu na la pindo la leso, na vijana wenye kompyuta wasiojua wamwulize nani. Samaki mkunje angali mbichi. Wakalishwe pamoja, kigoda kwa kigoda, kabla kompyuta haijabaki kufuatisha picha peke yake.