Je, Wajua? Ozoni ya Milimita 3, Chura wa Hekta 2

Ngao nyembamba kupita kiasi

Ozoni inayotukinga na jua imetawanyika angani, sehemu kubwa yake kati ya kilomita 15 na 35 juu ya vichwa vyetu. Ukisikia hivyo unadhani ni nyingi. Lakini lau ingekusanywa yote ikaletwa hapa chini usawa wa bahari, kwenye baridi ya nyuzi sifuri, ingefanya tabaka la milimita 3 tu, karibu unene wa sarafu mbili zilizobebana! Kiasi hicho kidogo ndicho kinachozuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, kuleta mtoto wa jicho na kudhoofisha mazao shambani.

Gesi ya kuharibu ozoni ilikuja kuokoa watu

Mwaka 1930 mkemia wa Marekani, Thomas Midgley, alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta pumzi ya gesi mpya, kisha akaipulizia mshumaa ukazimika. Alitaka wajionee wenyewe kwamba gesi ile haimdhuru aivutaye wala haishiki moto. Na hakuwadanganya. Friji za zama zile zilitumia gesi kama amonia na dioksidi ya salfa, na zilipovuja usiku ziliweza kuua familia nzima. Ndipo gesi za Midgley, zinazojulikana kwa kifupi CFC, zikapokewa kwa mikono miwili. Zikaingia kwenye friji, viyoyozi, makopo ya marashi ya kupulizia na magodoro ya sponji.

Ajabu zaidi, ni Midgley huyuhuyu aliyegundua mwaka 1921 kwamba madini ya risasi yakitiwa kwenye petroli, injini huacha kugonga. Ni vigumu kumtaja mtu mwingine mmoja aliyebadili hewa ya dunia nzima kiasi hicho.

Atomu 1 huvunja molekuli 100,000

CFC haziozi wala haziyeyuki kwenye mvua, kwa hiyo hupanda polepole mpaka juu kabisa. Huko miale mikali huzipasua na kuachia klorini. Atomu moja ya klorini huivunja molekuli ya ozoni, hubaki nzima, ikaifuata nyingine, na nyingine, hadi kufikia 100,000 kabla ya kutulizwa. Mario Molina, mzaliwa wa Mexico, na Sherwood Rowland walilieleza jambo hili mwaka 1974 wakiwa California, na viwanda vikawapinga kwa miaka. Mwaka 1995 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen.

Tundu la ozoni lilionekana kwanza kutoka ardhini

Ungetarajia setilaiti ndizo zilizotoboa siri, sivyo? Habari zilitoka kwa Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, waliotumia vipimo vya chombo cha mtindo wa zamani kwenye kituo cha Halley, Antaktika. Kituo hicho kilikuwa kikipima ozoni tangu miaka ya 1950, kila mwaka bila kuchoka. Mwezi Mei 1985 wakatangaza kwamba kila majira ya kuchipua huko kusini, ozoni inapungua kwa karibu thuluthi. Setilaiti ya Marekani ilikuwa imeyaona hayohayo, ila programu ya kompyuta ilikuwa imevitia alama ya shaka vipimo vilivyoonekana kuwa vya chini mno. Ndiyo sababu nawavulia kofia watu wanaopima mvua, joto na kina cha mito mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna anayewauliza. Bila daftari la miaka 30 hakuna wa kujua kwamba kitu kimepungua.

Mkataba wa dunia nzima una makao Nairobi

Wanachama 198 wameridhia Mkataba wa Montreal uliosainiwa tarehe 16 Septemba 1987. Miongoni mwao ni nchi zote za Umoja wa Mataifa, hata zile ambazo hazisalimiani! Sekretarieti yake iko Nairobi, kwenye makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira pale Gigiri. Asilimia 99 hivi ya kemikali zilizokusudiwa zimekwisha kuondolewa, na wanasayansi wanatarajia ozoni ya juu ya Antaktika irudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo mwaka 2066 au karibu na hapo. Mbona muda mrefu hivyo? Kwa sababu CFC zilizotoka kwenye friji ya babu yako bado zinaelea huko juu.

Afrika Mashariki ina sehemu yake nyingine pia. Gesi zilizochukua nafasi ya CFC, ziitwazo HFC, haziili ozoni, lakini nyingi kati yake hunasa joto kuliko hewa ya ukaa kwa zaidi ya mara 1,000, kilo kwa kilo. Basi wajumbe wakakutana Rwanda, wakabishana usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016 wakapitisha Marekebisho ya Kigali ya kuzipunguza. Yakitekelezwa sawasawa, yanaweza kuiepusha dunia na hadi nusu nyuzi ya ongezeko la joto ifikapo mwisho wa karne hii.

Maji ya Kilimanjaro hayatoki kwenye barafu

Barafu ya Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake kati ya mwaka 1912 na 2007. Wengi hudhani mito ya mlima ule itakauka nayo. La! Sehemu kubwa mno ya maji hutoka msituni, mahali ambapo mvua hunyesha kwa wingi na miti huukamata ukungu ukadondoka matone ardhini. Hali ya hewa ikizidi ukavu, moto huupanda mlima na kuuteketeza msitu wa juu, na hasara hiyo ya maji ni kubwa kuliko ya barafu ionekanayo kwenye picha za watalii.

Mchanga ndio huamua jinsia ya kasa

Yai la kasa halina jinsia linapotagwa. Mchanga ukiwa na joto la takriban nyuzi 29, hutoka madume na majike. Ukizidi kupata joto, majike watupu. Kaskazini mwa miamba mikuu ya matumbawe ya Australia, utafiti wa mwaka 2018 ulikuta kasa wachanga majike wamefikia asilimia 99. Kasa wa kijani hutaga pia Watamu na Mafia, kwa kanuni ileile ya mchanga.

Chura aliyepanda ndege na kurudi nyumbani

Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote. Chura wa Kihansi ana rangi ya dhahabu, hafiki sentimita 3, na hatagi mayai majini. Huzaa watoto kamili. Aligunduliwa mwaka 1996 chini ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, katika eneo la hekta 2 hivi lililoloweshwa daima na manyunyu ya maji yanayoanguka. Hakuna pengine popote duniani alipoonekana.

Lakini bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, asilimia 90 hivi ya mtiririko ilitoweka, na manyunyu pamoja nayo. Mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa hadi Marekani, na bustani za wanyama za Bronx na Toledo zikapata kazi ya kujifunza chakula chao, mwanga wao na maradhi yao, huku wengi wakifa. Nyumbani Kihansi mafundi walitandaza mabomba ya kunyunyiza maji, lakini kuvu ya ugonjwa iuayo vyura ikafika bondeni, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini amekwisha.

Waliobaki Marekani wakazaana. Wakarudishwa Tanzania, wakalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaachiliwa bondeni kwao. Alikuwa chura wa kwanza duniani kurejeshwa porini baada ya kutangazwa kuwa ametoweka huko. Mabomba bado yanahitajika.

Tope la mikoko ni ghala la kaboni

Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko iko topeni, kwa sababu tope lililojaa maji ya chumvi halina oksijeni ya kutosha kuozesha majani. Wanakijiji wa Gazi, kaunti ya Kwale, hulinda hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, huuza hati za kaboni, na mapato huingia kwenye maji na shule.

Silikanti huishi karibu miaka 100

Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga wamemkuta kwenye majarife yao, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Uchunguzi wa magamba uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hubeba mimba kwa miaka 5 hivi, na huchukua zaidi ya miaka 40 kukomaa. Silikanti wa miaka 30 aliyenaswa leo bado ni mtoto, na hajaacha uzao wowote baharini.