Si mama peke yake: damu ya SS, malaria na moyo wa mtoto

Wiki hii tunazungumza juu ya jambo linalovunja ndoa kwetu Masisi na Walikale. Mtoto anaumwa mara kwa mara. Macho yanakuwa manjano, mikono na miguu inavimba, analia mifupa. Leo anaongezewa damu, kesho analazwa tena. Kisha maneno yanaanza: mama ameleta laana, ama bibi ni mchawi. Mama anarudishwa kwao.

Tuseme wazi: huo si uchawi. Ni ugonjwa wa damu, drepanositozi, ambao wengi wetu tunauita SS. Mtoto anakuwa SS pale tu baba na mama, wote wawili, wanapompa alama ya S. Mara nyingi wao wenyewe ni AS na hawaumwi. Wazazi wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS.

Kwa nini alama hiyo ni nyingi kwetu? Ni kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa watoto wa Uganda kwamba mwenye AS anastahimili malaria kuliko wengine. Hivyo kizazi kwa kizazi, watoto AS walipona, wakakua, wakazaa.

Lakini mtoto SS hana ulinzi huo. Malaria inavunja damu yake ambayo tayari ni kidogo. Moyo unapiga mbio ili kuzungusha ile iliyobaki, na baada ya miaka unapanuka na kuchoka. Familia inayokimbia kutoka vilima vya Masisi, kwenye baridi na mbu wachache, kwenda misitu ya Walikale, iwe macho zaidi.

Tufanye nini?
- Mtoto SS alale chini ya chandarua kila usiku, anywe maji mengi, apate chanjo zote.
- Homa ikianza, tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Viganja vikiwa vyeupe, akihema mbio, ama tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, tusingoje asubuhi.
- Vijana wapime damu kabla ya mahari.

Na mama aliyefukuzwa, kikundi chetu kimpokee, kisha tukakae na mume wake. Alama moja ya S imetoka kwake.