Makaro ya watu binafsi nayo yakaguliwe


Nina dukuduku kuhusu maji machafu ya majumbani huku Bukoba na Muleba.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inazibana mamlaka za maji, na EWURA ndiyo hupitisha bei zao. Hilo ni jema. Lakini wengi wetu tuna makaro yetu wenyewe uani. Hayo anayakagua nani? Masika yakianza, jirani yangu mwenye vyumba vya kupangisha huzibua karo lake usiku (anadhani tumelala!), uchafu ukateremka mferejini hadi mto Kanoni. Kanoni nao humwaga Ziwa Victoria, na maji ya bomba ya mji huu yanatoka ziwani humo humo. Muleba nako, gari la kunyonya likishaondoka, hakuna anayeuliza limekwenda kumwaga wapi.

Nashauri halmashauri ziorodheshe makaro yote, na mwenye gari asilipwe mpaka aonyeshe stakabadhi ya mahali alikomwaga. Mabwana afya wapo, wapewe usafiri.

Msomaji wako,
Bukoba