Kompyuta ya michezo: Mtaji uwekwe wapi?

Mfanyabiashara wa Kitomanga, mkoani Lindi, anayetaka kuingiza fedha za korosho katika banda la michezo ya kompyuta, halazimiki kununua mashine mpya. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, yatosha kuanzia. Nyingi za vizazi vya nyuma hazikubali rasmi Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

Fedha kubwa iende kwenye kadi ya picha. GTX 1650 hutumia takriban wati 75. Ichaguliwe isiyohitaji waya wa ziada, kwani pawasaplai za ofisi ni ndogo. Kasha lipimwe kwanza: kadi ya kawaida haiingii kasha jembamba, na nauli ya kuirudisha Kariakoo hula faida.